Harufu ya Kuazima kwa Paa wa Kizingo

Kabla hujaendelea kusoma, inua mkono wako uunuse pale ndani ya kiwiko. Labda umesikia sabuni, labda mafuta ya nazi, labda hukusikia kitu. Mtu hajisikii mwenyewe. Lakini paa aliye ng'ambo ya uwanja wa mpira, upepo ukimwendea yeye, angekusikia wewe wote: jasho lako, samaki uliyekula mchana, paka aliyekulalia mapajani. Nimefanya kazi ya kuwanyemelea wanyama miaka mingi na mpaka leo jambo hilo linanishangaza.

Tangu nistaafu nimekuwa nikikaa barazani hapa Kuze, na nyinyi vijana mnapita mkiniuliza kazi yangu ilikuwa nini hasa. Wengine mmeambiwa nilikuwa mwindaji. Si kweli. Kuwinda kulipigwa marufuku nchini mimi bado mtoto. Sisi tulikuwa kikosi cha kukamata wanyama wakiwa hai, pale walipobanwa na majumba au barabara, tukawapeleka penye msitu. Wengi walikuwa paa, wale swala wadogo wanaomfika mtu gotini.

Paa humpati kwa nguvu. Ukimshtua atakimbia mpaka moyo umshinde, au ajigonge kwenye senyenge avunjike shingo, na wewe utabaki na mzoga mikononi na wavu ambao haukufaa kitu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi yetu ilikuwa ni kutonuka.

Sasa nifikirieni mimi. Kijana wa Mji wa Kale, niliyesoma mpaka darasa la saba, nimeoa juzi. Siku ya kwanza kazini mke wangu Zuhura alinifukizia nguo. Alitandaza shati juu ya tenga, akaweka chetezo chini yake, akatia udi kwenye makaa, akaniambia mwanamume hatoki nyumbani kwake ananuka uvundo. Nikaenda kazini nanukia kama nakwenda kuposa.

Mkubwa wetu alikuwa Kahindi, Mgiriama wa kule Kaloleni, mtu mfupi mwenye hasira za karibu na kicheko cha karibu vilevile. Aliniona nikishuka kwenye gari akashika pua.

"Nyinyi, bibi harusi yuko wapi?" aliwauliza wenzake. "Maana bwana harusi huyu hapa."

"Nimekosea nini, Mzee?"

"Hujakosea. Sisi ndio tumekosea, hatukuleta ngoma. Mswahili, paa wa hapa wamehama wote. Saa hii wako Voi."

Siku ile nilikaa garini, vioo vimefungwa, wenzangu wakifanya kazi. Jioni Kahindi alinifundisha. Sabuni iwe ya kipande, isiyo na marashi. Nguo za kazi zisilale ndani ya nyumba, zitundikwe nje kwenye moshi wa majani mabichi ya porini. Usiku wa kuamkia kazi, vitunguu thaumu hapana, kahawa hapana, tambuu hapana. Viatu viwe vya mpira, kwa sababu ngozi inanyonya jasho na kulitema kila unapokanyaga. Okota mavi makavu ya paa, yasage kwa viganja, jipake mikononi na shingoni. Na kila mara uwe na kijifuko cha majivu mfukoni. Unafinya kidogo, majivu yanatoka, unayatazama yanaelekea wapi. Yakimwelekea mnyama, rudi, zunguka, uje upande wa pili, hata kama utazunguka nusu siku.

Nilimpelekea Zuhura habari hizo. Alinitazama, mkono kiunoni.

"Kwa hivyo mimi n'nakufukizia udi, wewe wenda kujipaka mavi?"

"Ni kazi, Zuhura."

"Kazi gani hiyo? Basi ukirudi, oga uani. Na hizo nguo zisipite mlangoni mwangu."

Hazikupita. Miaka yote ile nguo zangu za kazi ziliishi kwenye ndoo juu ya paa la nyumba, nami nilioga mara mbili: alfajiri ili nisinuke mtu, na magharibi ili ninuke mtu.

Zuhura amefariki mwaka huu, kabla ya Ramadhani. Sitasema mengi juu ya hilo. Ila kisa ninachotaka kuwapa hakielezeki bila yeye.

Kwanza niwaambie kitu ambacho kilinisumbua kwa muda mrefu. Je, harufu ya mtu hufichika kweli? Walikuja vijana wa ofisini na chupa za dawa ya kujipulizia, dawa iliyotoka ng'ambo, wakasema inaua harufu yote. Kahindi hakubisha. Alisema tujaribu kwa mbuzi. Alikuwa na beberu wake nyumbani, mwenye pembe moja, anayemfuata kila aendako. Tulijipaka kila mtu cha kwake: mmoja dawa ya chupa, mmoja mavi, mmoja moshi, na Kahindi akajipaka vyote vitatu. Tukafunika nyuso na vichwa kwa magunia, tukasimama mstari mmoja, tumechutama ili urefu usitutambulishe. Beberu akafunguliwa. Alipita akinusa, akafika kwa Kahindi, akaanza kutafuna gunia lake.

"Mshenzi huyu," Kahindi akasema ndani ya gunia, lakini sauti yake ilikuwa ya furaha.

Basi nilijua kwamba harufu haifichiki. Ile tunayojipaka inakaa juu, na sisi tuko chini yake vilevile. Niliwauliza wenzangu: kama ni hivyo, mbona mara nyingi tunafaulu? Kahindi alisema ni upepo tu. Wengine walisema ni bahati. Mimi sikuridhika, na nilibaki na swali hilo mpaka tulipoitwa Kizingo, mtaa wa hapa hapa mjini kando ya bahari.

Kulikuwa na kiwanja kikubwa huko, nyumba kuukuu katikati, na nyuma yake vichaka vinene mpaka kwenye ukingo wa mawe juu ya bahari. Msimamizi wake alikuwa Mzee Salim, aliyekaa na mkewe Bi Rukia katika kijumba karibu na lango. Ndani ya vichaka vile walikuwamo paa wawili, dume na jike. Mzee Salim aliwalea tangu wadogo kwa chupa ya maziwa. Kisha Mzee Salim akafariki. Wenye kiwanja wakauza. Mnunuzi alikuwa muungwana, alikubali kijumba kisiguswe mpaka Bi Rukia amalize eda yake ya kufiwa na mume, lakini vichaka vingefyekwa Jumatatu. Hapo mashine zingeingia, watu na mbwa wao wangeingia, na paa hawakuwa na pa kukimbilia isipokuwa ukingo.

Tulifika Jumatano, tumeoga, tumefukizwa moshi wa Kaloleni, tumejipaka mavi ya paa wa Kaloleni, upepo tumeupima, kila kitu kama ilivyofundishwa. Tulitandaza wavu, tukaingia polepole. Dume alitoka kichakani mbele yangu, akainua pua mara moja, akaruka. Hakuruka kuelekea wavuni. Alikwenda moja kwa moja kwenye senyenge ya mpaka. Kahindi alipomfikia, paa alikuwa amekwisha kufa.

Jike tulimwona kwa mbali, tumbo limemjaa. Alikuwa na mtoto tumboni. Kahindi aliamuru tutoke sote.

Nje ya lango mwanamke mmoja, mpwa wake Bi Rukia, alituletea maneno. Bi Rukia yu edani, haonani na wanaume wasio maharimu zake, lakini alikuwa nyuma ya dirisha na alisikia senyenge ilivyolia.

"Shangazi auliza, ni yupi?"

"Dume," nikamjibu.

Aliingia, akarudi. "Asema, Salim alimwachia wawili. Huyu mmoja jamani asife. Akifa, yeye hatajua la kumwambia Salim."

Kahindi alivua kofia.

Siku ya pili nilirudi peke yangu. Nilitaka kujua kwa nini paa waliolelewa kwa chupa wanamkimbia mtu namna ile. Mpwa aliniambia tangu msiba wameshindwa kuwalisha. Anawawekea mchicha pale pale alipokuwa akiwawekea mzee, hawaji mpaka aondoke, na wakati mwingine hawaji kabisa.

"Na alipokuwa hai mzee?"

"Ah! Walikuwa wakimtia pua mfukoni."

Nilizunguka kiwanja nikitazama chini. Mavi ya paa, yale mapya, hayakuwa kichakani. Yalikuwa mengi mbele ya mlango wa stoo ya zana, nyuma ya kijumba, na mchanga wa pale ulikuwa umebonyea kama mahali pa kulala. Nikajiuliza paa anatafuta nini kwenye majembe. Nikasukuma mlango. Ukutani lilining'inia koti la kazi la Mzee Salim. Niliisogeza pua kwenye kola.

Udi.

Nilicheka peke yangu humo stooni, halafu nikaona haya, kwa kuwa lilikuwa koti la marehemu. Lakini jambo lilikuwa limefunguka. Mzee Salim alikuwa Mswahili kama mimi, ana mke kama wangu. Kila jioni Bi Rukia alimfukizia nguo, hata za shambani. Paa wale tangu kufumbua macho walijua kwamba maziwa yananukia udi, mchicha unanukia udi, na mkono unaokuna shingo unanukia udi. Kwao hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya amani. Kisha mzee akafa. Mjane akaingia edani, na mjane aliye edani hafukizi, hajitii manukato, hajitii hata asumini. Udi ukakatika pale kiwanjani siku moja. Baadaye tukaja sisi mabingwa, tunanuka msitu, moshi na mavi ya paa wasiowajua. Wale hawakuwahi kuishi msituni. Kwao sisi ndio tulikuwa kitu cha kutisha.

Nilimpigia Kahindi simu nikamweleza.

"Lichukue hilo koti basi."

"Koti la marehemu, mjane yuko dirishani? Sichukui. Na harufu yenyewe imebaki kolani tu."

"Sasa?"

"Tuipike."

Udi, kama hamjui, si mmoja. Kila nyumba hapa mjini ina upishi wake, na mwanamke haupi kila mtu. Na mimi nisingeweza kukaa mbele ya Bi Rukia kumwomba. Nilirudi nyumbani nikamweleza Zuhura yote, nikitarajia maneno. Alijitanda buibui lake, akasimamisha tuktuk, akaenda.

Alikaa huko tangu adhuhuri mpaka karibu na magharibi. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, lakini mdomo ulikuwa na habari.

"Wajua ajabu gani? Yule bibi atia maganda ya chungwa!"

"Kwenye udi?"

"Kwenye udi, wallahi! Sukari aiunguza kidogo, atia udi uliopondwa, mafuta ya halud, marashi ya mawaridi, sawa. Halafu maganda ya chungwa yaliyokauka. Kwetu ungechekwa. N'namuuliza, dada, nani alokufunza? Asema hakufunzwa. Walipooana hawakuwa na uwezo wa ambari, akatia alichokuwa nacho, na Salim akapenda. Hajabadilisha tena."

"Amekubali tufanye?"

"Amesema tufanyie huku kwetu, asiusikie. Akiusikia hatajizuia."

Basi usiku ule Zuhura alipika. Kesho yake Kahindi alikuja Kuze na nguo zake, nami nikashusha zangu kutoka juu, zikaingia nyumba ambayo nguo zile zilikatazwa kuikanyaga miaka yote. Zuhura alizifua tena mwenyewe, akazikausha, akazitandaza juu ya tenga. Akamfukizia Kahindi hata kofia.

"Mama," Kahindi akalalamika, "mimi ni mzee wa kanisa. Nikirudi nyumbani ninanukia hivi, mke wangu ataniuliza nimelala kwa nani."

"Mwambie umelala kwa paa, Baba."

"Hilo ndilo ataamini?"

"Hataamini. Lakini utakuwa umesema kweli."

Tukaenda Kizingo wawili tu, bila wavu. Tulibeba kasha la mbao lenye mlango wa kushuka, na ndani yake Zuhura alikuwa ametandika gunia lililofukizwa. Nikafinya kijifuko changu. Majivu yakaelekea vichakani, kwa paa. Siku nyingine zote hapo ningezunguka. Siku ile nilikaa chini pale pale, mbele ya stoo, mchicha mkononi, upepo mgongoni, nikajiacha nisikike. Sijui kama mnaelewa ilivyokuwa ngumu. Mwili wangu wote ulikuwa unaniambia ninafanya makosa.

Kahindi alijibanza nyuma ya kasha, kamba ya mlango mkononi. Tulingoja sana. Miguu yangu ilikufa ganzi. Kisha vichaka vikafunguka na jike akatoka akitembea, si kwa kukimbia. Alikuja pua mbele, akisimama, akija, akisimama. Alipofika kama urefu wa mkeka mmoja akasita kabisa.

Alikuwa ananinusa, na naapa aligundua. Niliona masikio yakigeuka, na ngozi ya ubavuni ikitetemeka. Chini ya udi wa Bi Rukia alimsikia mtu mwingine, si Salim. Nilijua itatokea, maana beberu alikwisha kunifundisha. Sikuwa na la kufanya. Sikujificha zaidi, wala sikunyoosha mkono. Nilipumua tu.

Paa akasogea akala mchicha.

Kwa nini alikula? Nimejiuliza mara nyingi. Alijua mimi si yule. Labda kwake ilitosha kwamba nimetoka kwenye nyumba inayofanana na ile. Labda alikuwa na njaa tu, ana mtoto tumboni. Wenye elimu ya wanyama wakija kukwambieni jibu, nileteeni, nitafurahi kulisikia. Ninachoweza kusema ni nilichokiona: alikula mkononi mwangu, akanipita, akasikia gunia ndani ya kasha, akaingia mwenyewe, akakunja miguu, akalala. Kahindi akashusha mlango taratibu kama mtu anayefunika mtoto.

Tulikuwa tunampeleka msitu wa Kwale, kwa hiyo tulipitia Feri. Kasha tulilifunika turubai. Wakati tunangoja kivuko, muuza karanga alipita karibu, akarudi nyuma hatua, akavuta pumzi.

"Eti, humo ndani mmetia nani? Bibi harusi?"

"Mjamzito," Kahindi akamjibu.

"Hee! Na mnamsafirisha ndani ya sanduku?"

"Ndivyo anavyotaka mwenyewe."

Yule mtu alitutazama sote wawili, wazee wanaonukia namna ile, akaamua kwenda kuuza karanga kwingine.

Msituni tuliweka kasha kivulini, mbali na vijiji, mbali na njia za watu. Nilipenda mahali pawe mbali kupita kawaida, na nitawaambia kwa nini. Paa yule alikuwa amefundishwa kwamba mtu ni chakula na usalama. Huo ni upungufu mkubwa kwa mnyama. Sisi tuliutumia kumwokoa, lakini mtu mwingine angeweza kuutumia kumla. Hakuna dawa ya jambo hilo isipokuwa umbali na wakati.

Tulipandisha mlango. Hakutoka.

Tulijitenga, tukakaa upande ambao upepo hautufikishi kwake. Bado hakutoka. Tulimwona amelaza kidevu juu ya gunia.

"Hilo gunia ndilo linalomkalisha," Kahindi akasema.

"Mwachie kidogo."

"Kidogo mpaka lini? Jua likishuka akiwa ndani, chui atamkuta sandukuni. Ukimwachia hilo hatoki."

Sikuinuka. Kahindi alikwenda yeye, kwa upande wa nyuma, akapitisha mkono kati ya mbao, akalivuta gunia kidogo kidogo mpaka likatoka lote. Akalikunja haraka, akalitia ndani ya mfuko wa plastiki, akaufunga fundo.

Paa alisimama. Alinusa mbao pale gunia lilipokuwa, akanusa tena. Kisha akatoa kichwa nje, akakiinua, na nikaona pua yake ikifanya kazi kwa mara ya kwanza kwenye upepo usio na sisi ndani yake. Alisimama hivyo muda mrefu. Halafu akatembea, akaingia kwenye majani, na majani yakafunga.

Simu yangu ililia kabla hatujafika garini. Ilikuwa Zuhura, akiwa kwa Bi Rukia.

"Amefika?"

"Amefika. Ameingia msituni kwa miguu yake."

Nilimsikia akimpasha mwenzake maneno hayo, kisha akarudi.

"Bi Rukia auliza, aligeuka kutazama?"

Kahindi alikuwa ananitazama, naye alikuwa amesikia. Alitikisa kichwa polepole kuniashiria ndiyo, sema ndiyo, sema aligeuka.

"Hakugeuka," nikasema.

Zuhura akamfikishia. Kisha nikamsikia Bi Rukia mwenyewe, mbali na simu, sauti niliyokuwa sijawahi kuisikia.

"Afadhali," alisema. "Afadhali hivyo."

Na Zuhura, bila kukata simu, alianza kulia naye.